Uhandisi wa mitambo inayojiendesha: Mwongozo kwa wanafunzi wa Kisii na Nyamira

UHANDISI wa elektroniki za viwandani na mitambo inayojiendesha ni taaluma inayohusu namna ya kuiwezesha mashine kupima hali yake yenyewe, kuamua la kufanya na kulitekeleza bila ya kusimamiwa na mtu kila dakika.

Wapo wanaodhani kuwa elimu hii ni ya viwanda vya magari vya ughaibuni. Ukweli ni kwamba mkulima anayepeleka majani ya chai katika viwanda vya Kebirigo, Sanganyi na Tombe, Kaunti ya Nyamira, au Nyamache, Ogembo na Kiamokama, Kaunti ya Kisii, hutegemea ujuzi wa aina hii ili chai yake ipate soko.

Majani mabichi huwa na maji yanayofikia robo tatu ya uzani wake au zaidi. Kiwandani hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa yabadilike rangi na ladha kwa kukutana na hewa, kisha hukaushwa hadi maji yabakie takriban asilimia 3. Joto la kikaushio likipungua, chai hubaki na unyevu na huharibika ghalani. Likizidi, chai huungua. Ikizingatiwa kuwa kilo moja ya chai iliyosindikwa hutokana na zaidi ya kilo nne za majani mabichi, hitilafu ya saa moja usiku huweza kuteketeza jasho la wachumaji wengi.

Mashine hujiongoza vipi?

Mfumo wowote wa aina hii una sehemu tatu. Ya kwanza ni kihisi, ambacho hupima joto, unyevu, shinikizo au kasi. Ya pili ni kidhibiti, ambacho hulinganisha kipimo hicho na kiwango kilichowekwa. Ya tatu ni kitekelezaji, yaani mota, vali au feni inayorekebisha hali.

Katika kikaushio, kihisi kikiarifu kuwa joto limepanda kupita kiwango, kidhibiti hupunguza hewa moto inayoingia, kisha hupima tena. Mzunguko huo hurudiwa mchana na usiku.

Kidhibiti kinachotumika sana viwandani ni kompyuta ndogo ambayo mafundi huiita PLC. Ilizuka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati Dick Morley na wenzake walipobuni kifaa cha Modicon, huku kampuni ya magari ya General Motors ikitafuta mbadala wa makabati yaliyojaa relei na nyaya. Tangu hapo, kubadilisha kazi ya mashine kukawa ni kubadilisha programu badala ya kufumua nyaya.

Njia ya shahada

Nchini Kenya masomo haya hupatikana kwa majina mbalimbali. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kilichoko Juja na kile cha Dedan Kimathi, Nyeri, hufundisha Uhandisi wa Mekatroniki, unaounganisha mitambo, elektroniki na kompyuta. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, hufundisha Uhandisi wa Umeme na Elektroniki.

Shahada ya uhandisi huchukua miaka mitano. Mwombaji wa mfumo wa 8-4-4 huhitaji wastani wa C+ au zaidi katika KCSE, pamoja na alama nzuri za Hisabati, Fizikia na Kemia. Kwa wanafunzi wa mtaala wa umilisi, uamuzi huja mapema zaidi: anayelenga uhandisi hana budi kuchagua mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati anapoingia Gredi ya 10.

Njia ya stashahada

Aliyepata C- au zaidi anaweza kuanza na stashahada. Chuo cha Kitaifa cha Kiufundi cha Kisii, ambacho zamani kilijulikana kama Gusii Institute of Technology, hufundisha uhandisi wa umeme na elektroniki. Faida yake ni kuwa mwanafunzi husomea karibu na nyumbani na hushika vifaa mapema. Aidha, mhitimu anaweza kuendelea hadi shahada baadaye. Katika viwanda vingi ni fundi wa ngazi hii anayeamshwa usiku mtambo unapogoma.

Suala la usajili

Kabla ya kuchagua kozi, mzazi na mwanafunzi wachunguze iwapo inatambuliwa. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, Bodi ya Wahandisi Kenya (EBK) ndiyo inayosajili wahandisi, na mhitimu huhitaji tajriba ya angalau miaka mitatu kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu. Mafundi na wanateknolojia wana bodi yao, KETRB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Tahadhari hii haitolewi bure. Zaidi ya wahitimu 100 walilazimika kwenda mahakamani baada ya bodi iliyotangulia EBK kukataa kuwasajili, na kesi yao ilifika hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi mwaka 2018. Hiyo ni miaka ambayo kijana angeitumia kujenga taaluma yake.

Ajira na lawama

Hata hivyo, taaluma hii ina upande wake mchungu. Mnamo Mei 2023, waandamanaji katika kaunti jirani ya Kericho waliteketeza mashine za kuchumia chai wakilalamika kuwa zimewapokonya watu kazi. Mashamba hayo yameajiri vibarua wengi kutoka Gusii kwa miongo kadhaa.

Mhandisi atokaye katika jamii hiyo hawezi kujifanya haoni. Mashine ya kuchuma huchukua nafasi ya mikono, ilhali kidhibiti cha kikaushio huokoa chai ambayo mikono hiyo imekwisha kuichuma. Ni jukumu la msomi kutofautisha mambo hayo mawili.

Kwa hivyo, kabla ya kutuma maombi kupitia KUCCPS, mwanafunzi ajiulize: Je, alama zangu za Hisabati na Fizikia zinatosha? Je, kozi hii inatambuliwa na bodi husika? Na je, chuo kina karakana yenye vifaa vinavyofanya kazi? Anayeweza kuzuru chuo na aende akajionee karakana hiyo kwa macho yake.