Ng'ombe, Lo' na Mpaka wa Neno

Modogashe, kaskazini mwa Kenya, ni njia panda: barabara ya kutoka Garissa na ile ya kutoka Isiolo hukutana hapo, kisha safari huendelea Wajir. Uchumi wa huko ni mifugo, na mifugo ina maandishi yake: vibali vya kuhamisha, hesabu za mnada, kumbukumbu za vikao vya wazee. Azimio la Modogashe la mwaka 2001, lililozungumzia malisho, maji na wizi wa mifugo, ni maarufu zaidi katika maandishi hayo. Yeyote anayeandika mambo ya aina hii kwenye kompyuta hatakwepa maneno mawili: ng'ombe kwa Kiswahili na lo' kwa Kisomali. Maana ni ile ile, na kila moja lina ritifaa.

Alama hiyo ni moja ila kazi ni mbili. Katika Kiswahili ritifaa ni sehemu ya herufi. Bila hiyo, ng'oa inageuka ngoa, na anayeng'oa mche hana uhusiano na mwenye wivu. Katika Kisomali ni konsonanti kamili, sauti inayokatwa kooni, mfano wa hamza ya Kiarabu. Lugha zote mbili huandikwa kwa herufi za Kirumi zisizo na nukta wala vikofia vya ziada. Kisomali kilipopewa maandishi rasmi mwaka 1972, sauti za koo ambazo Walatini hawakuwa nazo zilitengewa x na c, herufi ambazo kibodi yoyote inazo. Kwa hiyo kompyuta haisumbuki kuziandika lugha hizi, isipokuwa inapofika kwenye ritifaa.

Chukua Vim, kihariri matini ambacho waandishi wa programu wamekitumia kwa zaidi ya miaka thelathini. Weka kishale mwanzoni mwa ng'ombe, toa amri ya kufuta neno, yaani dw. Kinachobaki kwenye skrini ni 'ombe. Bonyeza nyota juu ya ng ili utafute ng'ombe wote katika faili, na utaletewa pia ng'ambo na ng'oa, kwa kuwa Vim inaamini neno ulilolitaka ni ng.

Hiyo si hitilafu. Vim ina orodha ya alama zinazohesabiwa kuwa viungo vya neno, na orodha hiyo inaitwa iskeyword. Ndani yake kwa kawaida mna herufi, tarakimu na mstari wa chini. Ritifaa haimo, kwa sababu katika lugha nyingi za kuandikia programu ritifaa hufungua na kufunga nukuu. Wanaisimu wetu wamebishana sana kuhusu neno ni nini, hasa katika lugha ambayo hawakutuuzia ni neno moja lenye sentensi nzima tumboni. Mashine haina ubishi huo. Kwake neno ni chochote kilichomo kwenye orodha, na atakayeibadili orodha amebadili maana ya neno.

Kubadili kwenyewe ni mstari mmoja katika faili la mipangilio:

setlocal iskeyword+=39

Namba 39 ndiyo nafasi ya ritifaa katika jedwali la ASCII. Kuanzia hapo dw inamwondoa ng'ombe mzima, na lo' nayo inashikwa hadi mwisho wake. Mstari huo ufungiwe kwenye faili za matini tu. Ukiuacha ufanye kazi kwenye msimbo, alama za nukuu zitaanza kung'ang'ania maneno yaliyo ndani yake.

Uwezo huu una mtu nyuma yake. Bram Moolenaar, Mholanzi, alitoa Vim hadharani mwaka 1991, kisha katika muongo huo akafanya kazi ya kujitolea kwa mwaka mzima katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, eneo lililopoteza wazazi wengi kwa UKIMWI. Programu aliitoa bure, msimbo wake wazi, na akawaomba watumiaji wachangie watoto hao. Ombi hilo limekuwa likionekana mtu anapofungua Vim bila faili. Mwaka 2022 toleo la 9.0 lilileta lugha mpya ya kuiandikia maagizo, Vim9. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, na kazi ikashikwa na wachangiaji wakiongozwa na Christian Brabandt. Kiswahili kinamtofautisha mtunzi, aliyetunga, na mtunzaji, anayetunza. Moolenaar alikuwa vyote viwili kwa zaidi ya miaka thelathini, na utunzaji ndio uliokula muda wake: kupokea malalamiko, kuziba mianya, kukubali au kukataa viraka vya watu asiowajua. Ndiyo maana napenda wanaofanya kazi hiyo waitwe watunzaji, si wasimamizi. Msimamizi anaweza kukaa tu.

Kazi ya lugha zetu ndani ya Vim bado ipo. Kikagua tahajia cha Vim, kilicholetwa na toleo la 7.0 mwaka 2006, kina kanuni inayokubali alama kuwa sehemu ya neno pale tu inapokaa katikati ya herufi mbili. Kanuni hiyo inamfaa ng'ombe. Kwa lo' haifai, kwa sababu ritifaa yake iko mwishoni, kwa hiyo atakayeandaa faili la tahajia la Kisomali hana budi kuihesabu ritifaa kuwa herufi kamili. Halafu kuna simu. Kumbukumbu zinazoandikwa kwenye simu mara nyingi huja na ritifaa iliyopinda, ambayo kwa kompyuta ni alama nyingine kabisa, na orodha ya iskeyword haifiki huko, maana inaishia namba 255. Dawa ni kuinyoosha kwanza katika faili zima:

:%s/’/'/g

Amri hiyo ikitangulia, ng'ombe aliyeandikwa kwa simu na yule aliyeandikwa kwa kibodi watahesabiwa pamoja.