Uzi Unaofumuliwa

Kiingereza kina neno moja, baste, litumikalo kwa mshonaji na kwa mpishi. Mshonaji hulitumia kwa kazi ya kushikiza vipande vya nguo kwa mishono mirefu iliyolegea kabla ya kuvishona. Mpishi hulitumia kwa kazi ya kuimiminia nyama iliyo motoni mafuta yake. Maana ya kwanza ilitoka katika Kifaransa cha kale. Asili ya maana ya pili haijathibitishwa na wataalamu. Kiswahili hakikuzichanganya kazi hizo: ya fundi huitwa kupiga bandi, na ya mpishi huitwa kumiminia au kunyunyizia.

Hata hivyo zafanana katika jambo moja: zote hutumika kisha zikatoweka. Mafuta hayapenyi ndani ya nyama. Huipa rangi na ladha kwa juu, kisha huchuruzika makaani. Bandi nayo hufumuliwa mshono wa kudumu ukiisha. Kwa sababu hiyo wako waidharauo, wakitegemea wepesi wa cherehani, chombo kilichoenea sana baada ya Isaac Singer kupata hataza yake mwaka 1851. Lakini cherehani hushona upesi kilichonyoka na kilichopotoka. Mkono wa koti uliopachikwa vibaya kwa bandi hutengenezwa kwa kuvuta uzi mmoja. Ulioshonwa kwa cherehani hufumuliwa kwa taabu, na pengine kitambaa huharibika.

Mji wa Eldoret wenyewe ulipigwa bandi kwanza. Mwaka 1910 ofisi ya posta ilifunguliwa katika shamba nambari 64, na kutokana na nambari hiyo watu wakapaita mahali hapo Sisibo. Mwaka 1912 likaja jina la Eldoret. Reli ikafika mwaka 1924. Na katika miaka ya 1970 kikajengwa kiwanda cha nguo cha Rivatex, ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007. Sisibo lilikuwa jina la kushikizia mji mpaka lipatikane la kudumu. Ramani zimeufumua uzi huo, lakini vinywa vya watu havikuufumua: hata leo wapo wauitao mji huo Sisibo.

Basi mwanafunzi wa historia asitosheke kulitazama vazi lililokwisha. Mavazi na miji huonyesha mishono yake ya mwisho. Kazi yake yeye ni kuyatafuta matundu madogo yaliyoachwa na bandi.