Mjomba, Mfalme na pesa za korosho: nani anaamua kwa asiyeweza kuamua?

Hebu fikiria mkulima wa Ruangwa. Korosho zake zimepita AMCOS, zimeuzwa mnadani, pesa imeingia benki kwa jina lake. Wiki hiyohiyo anapata kiharusi. Yupo wodini, haongei, hajui yuko wapi. Familia inahitaji hela ya rufaa leo, na mtu wa benki anasema, kwa haki kabisa, kwamba saini ni ya mwenye akaunti peke yake.

Cha ajabu ni hiki: angekuwa amefariki, kila mtu kijijini angejua pa kuanzia. Kikao cha ukoo, muhtasari, kisha mahakama ya mwanzo kuteua msimamizi wa mirathi. Lakini yuko hai. Ndiyo maana utakuta familia zinahangaika zaidi na mgonjwa kuliko na marehemu.

Zamani swali hili Nachingwea na Ruangwa lilikuwa na jibu. Wamwera, kama jirani zao Wamakua, Wamakonde na Wayao, walihesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo neno zito lilikuwa la mjomba. Mke na watoto walisikilizwa, ila mwenye kauli alitoka tumbo moja na mama. Sisemi ulikuwa utaratibu wa haki kila mara (muulize mjane yeyote), lakini ulikuwa wa haraka. Mjomba haombi tarehe ya kusikilizwa.

Mwaka 1963 serikali ilipotangaza sheria za mila kwa maandishi, kilichoandikwa kilikuwa mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Watu wa ukoo wa mama hawakuingizwa. Mamlaka ya mjomba hayakufutwa wala kuandikwa, yakabaki hewani. Na benki, kama unavyojua, haifanyi kazi na kitu cha hewani.

Upande wa pili wa hadithi unatoka mbali. Uingereza ya zama za kati ilimpa Mfalme jukumu la kuwalinda watu waliorukwa na akili na mali zao, kama mzazi wa wasio na mzazi. Baadaye majaji walilitekeleza kwa niaba yake. Tanganyika ikapokea sheria za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Sasa angalia kichekesho. Mwaka 1960, Sheria ya Afya ya Akili ya 1959 ilipoanza kutumika, Waingereza waliyaondoa kwa majaji wao mamlaka hayo juu ya watu wazima. Mwaka 1989, katika shauri la mwanamke aliyetajwa kwa herufi F tu, majaji wa juu kabisa wa London walikiri kwamba hakuna mtu, hata mahakama, aliyeweza kukubali matibabu kwa niaba ya mtu mzima. Wakaegemea kanuni ya ulazima: daktari atibu kwa maslahi ya mgonjwa. Kwetu, mwanasheria anaweza kudai kwamba mamlaka ya 1920 bado yapo, maana kilichofutwa London mwaka 1960 hakikufutwa hapa. Mwingine atambishia kwamba Mfalme aliwakabidhi majaji wake tu. Mimi naiona hoja ya kwanza ina nguvu, ila si ya kwenda nayo dirisha la benki.

"Si tungeandikishana uwakili mapema?" Hapana. Sheria yetu ya Mikataba, iliyofuata ile ya India ya 1872, inasema uwakili unakoma pale aliyeutoa anaporukwa na akili. Yaani unakufa siku unapohitajika. Uingereza walirekebisha jambo hili mwaka 1985.

Njia iliyopo ni Sheria ya Afya ya Akili, namba 21 ya mwaka 2008. Ndugu anaomba mahakama imteue mtu wa kumtunza mgonjwa na kusimamia mali yake, akiwa na maelezo ya daktari na hati ya kiapo. Jambo likiwa la kukimbizana na muda, anaambatanisha hati ya dharura ili asikilizwe mapema. Maombi ya namna hii yamekuwa yakisikilizwa Mahakama Kuu, na kanda inayohudumia mkoa wa Lindi iko Mtwara. Kwa matibabu ya kuokoa maisha daktari hasubiri karatasi hizo. Kwa pesa, mtasubiri.

Kuna jambo moja ambalo mjomba na Mfalme wote walilipita haraka. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na ibara ya 12 inataka mtu asaidiwe kuamua kabla ya kuamuliwa. Kiharusi kinaweza kuchukua maneno kikaacha akili nzima. Kwa hiyo kabla ya kwenda Mtwara, mwombeni daktari ampime kwa swali husika: anaelewa kwamba hela itatolewa, kiasi gani, na ya nini? Pengine atajibu kwa kukubinya mkono.