Mwaridi mfupi wa pinki katika kibanja cha Bugene

Neno waridi, tulilolipata kwa Waarabu, ni jina la ua na papo hapo ni jina la rangi. Anayetaka kulitaja ua la makala hii kwa ufasaha analazimika kusema waridi la rangi ya waridi. Watu wa Karagwe, mkoani Kagera, Tanzania, hawajisumbui hivyo. Wao husema rozi, au ua la pinki, na kila mtu anaelewa kwamba ni kile kichaka cha mbele ya nyumba, kisichozidi sana kiuno cha mtu mzima, chenye vishada vya maua madogo yanayofunguka kwa zamu.

Mti wenyewe ni mwaridi, wa jenasi Rosa, ukoo mmoja na tufaha na stroberi. Jani lake moja ni mkusanyiko wa vijani vitano au saba kwenye kikonyo kimoja. Miiba yake humea kwenye ngozi ya shina tu: sukuma mmoja ubavuni kwa kidole gumba, utabanduka wenyewe na kuacha kovu safi. Mwiba wa mchungwa huwezi kuufanyia hivyo, kwa kuwa asili yake ni tawi. Kusini mwa Sahara Afrika ina mwaridi mmoja tu wa asili, Rosa abyssinica wa Ethiopia na majirani zake. Iliyo huku Bugene, Karagwe, yote ni migeni.

Ugeni huo ndio wa kuanza nao. Miwaridi mingi imetoka katika nchi zenye majira ya baridi, na mingine haichanui vizuri mpaka ipitiwe na baridi hiyo. Mfano ni mwaridi wa Damasko unaolimwa Jabal Akhdar, Oman, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi. Huo huchanua mara moja kwa mwaka, kati ya Machi na Mei, na ndio unaotoa maji ya waridi, marashi ambayo watu wa pwani wameyanyunyiza harusini na kwenye maulidi kwa vizazi. Ni pinki, ni mzuri, na kwa bustani ya Karagwe ni chaguo baya. Karagwe iko chini ya digrii 2 kusini mwa Ikweta. Mchana wa Juni na wa Desemba hutofautiana kwa dakika chache tu, na majira ya baridi hayapo. Mti unaosubiri baridi utakaa ukirefusha matawi na majani, na mwenye nyumba ataulaumu udongo.

Kinachofaa ni mwaridi wenye damu ya Kichina. Wachina walikuwa wamekwisha kuwa na miwaridi inayochanua mfululizo karne nyingi kabla Ulaya haijaiona. Mmojawapo, wa pinki, ulifika Ulaya katika karne ya 18 na leo hujulikana kama 'Old Blush'. Mwaka 2012 watafiti walieleza siri yake: mwaridi una jeni inayouzuia kuchanua nje ya msimu, iitwayo KSN, na katika miwaridi inayorudia kuchanua kipande cha DNA kimejipenyeza ndani ya jeni hiyo na kuilemaza. Breki imekatika, kwa hiyo kila chipukizi jipya linaweza kumalizikia kwenye ua. Vichaka vifupi vya pinki vinavyosifiwa duniani vimerithi ulemavu huo wenye heri: 'The Fairy' wa Ann Bentall wa Uingereza (1932), 'Bonica' wa kampuni ya Meilland ya Ufaransa (1985), na aina ya pinki iliyozuka kwenye 'Knock Out' ya Mmarekani William Radler (2000).

Majina haya utayakuta vitabuni zaidi kuliko kitaluni. Huku miche hupita mkono kwa mkono bila jina, na kipimo cha kuaminika ni uzio wa jirani. Kichaka kilichokuwa na maua wakati wa masika na kikawa nayo tena wakati wa vuli, omba kipande. Halafu usiamini sana urefu uliotajwa kitabuni. Kitabu kiliandikwa mahali ambapo barafu hukipunguza kichaka kila mwaka; hapa hakuna wa kukipunguza ila wewe.

Hali ya hewa, ukiacha hilo, inatupendelea. Bugene, jirani na Kayanga yalipo makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, iko juu ya mita 1,500, na usiku wake una ubaridi. Kwa mwaridi mwinuko una maana kubwa. Wakulima wa maua ya kuuza nje wa Uganda, wanaolima kandokando ya Ziwa Victoria kwenye mita 1,200 hivi, wamejikita katika waridi la kichwa kidogo, kwa sababu joto huliharakisha ua kabla halijanenepa. Wenzao wa Naivasha, Kenya, kwenye mita 1,900 hivi, hupata vichwa vikubwa. Sisi tuko katikati, na kichaka ambacho maua yake ni madogo kwa asili hakipotezi chochote. Tofauti utaiona kwenye rangi: maua yaliyofunguka siku za ubaridi huwa na pinki iliyokolea, na yaliyofunguka kwenye jua kali hupauka upesi.

Tabu inaanza pale panapohusu mahali pa kupanda. Familia ya Karagwe au Kyerwa (wilaya moja hadi 2012) huishi ndani ya kibanja: nyumba katikati, migomba ikiizunguka, kahawa chini ya migomba, maharage chini ya kahawa. Kibanja kina udongo bora kuliko wote kwenye shamba, kwa kuwa samadi, majivu na maganda ya jikoni vimerudi humo miaka na miaka. Mtu akiona udongo mweusi kiasi hicho hushawishika kuchimba shimo la mwaridi hapo hapo, katikati ya migomba miwili. Asifanye hivyo. Mwaridi unataka jua kwa saa 6 kwa siku, na unataka majani yake yakauke mapema asubuhi. Chini ya mgomba hakuna jua la kutosha, na matone yanaendelea kudondoka saa nne wakati uwanjani pamekwisha kukauka. Juu ya hayo mizizi ya mgomba ina ulafi. Nafasi ya mwaridi ni ukingo wa uwanja, upande wa mashariki wa nyumba ikiwezekana, hatua kadhaa kutoka mgomba wa kwanza na mbali na michirizi ya bati. Kibanja kiutumikie kwa udongo wake, si kwa kivuli chake.

Shimo la sentimita 50 kila upande linatosha. Udongo wa juu uweke kando, uchanganye na debe moja la samadi iliyooza kabisa, na urudishe huo kwanza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Udongo wa Karagwe kwa sehemu kubwa una tindikali na uhaba wa fosforasi, ilhali mwaridi hupenda pH ya 6 hadi 6.5. Konzi moja au mbili za majivu ya kuni husaidia. Ndoo nzima inaharibu. Shirika la MAVUNO la hapa Karagwe, likishirikiana na watafiti wa Ujerumani, lilijaribu mboji iliyochanganywa na chenga za mkaa ili kuurekebisha udongo huu huu kwa ajili ya mazao, na chenga hizo zimejaa chini ya kila gunia la mkaa. Ukishapanda, tandaza nyasi kama unavyofanyia migomba, lakini acha kiganja kimoja wazi kuzunguka shina, la sivyo mchwa watafuata nyasi kavu mpaka kwenye gome. Kuku nao watazifukua. Weka mawe.

Kati ya Juni na Agosti mvua hukatika, na mti mchanga unahitaji lita 10 mara mbili kwa wiki, zimiminwe chini taratibu. Maji ya kusuuzia vyombo yanafaa kama hayana sabuni nyingi.

Adui mkuu huja na mvua. Ni madoa meusi, ugonjwa wa kuvu iitwayo Diplocarpon rosae. Chunguza jani la chini kabisa, lile linalorushiwa matope. Doa lina ukubwa wa punje ya dengu au zaidi, na kingo zake hazikunyooka: zina nyuzinyuzi kama wino ulioangukia karatasi nyepesi. Siku chache baadaye jani linageuka manjano kulizunguka doa, kisha linaanguka kwa kuguswa tu. Mbegu za kuvu hiyo zinahitaji jani lililolowa kwa saa 7 hivi mfululizo ndipo ziingie. Mvua ya jioni ikifuatiwa na ukungu wa alfajiri, saa hizo zimepatikana na chenji inabaki. Ndiyo maana nasisitiza jua la asubuhi kuliko dawa. Okota majani yaliyoanguka, yachome au yafukie mbali. Usiyatupe kwenye mboji. Usimwagilie juu ya majani. Nafasi kati ya kichaka na kichaka iwe mita moja.

Wakati wa kiangazi huja ugonjwa mwingine, ubwiri unga, vumbi jeupe kwenye majani machanga. Vidukari hujaa kwenye vikonyo vya vichomozi; wafute kwa vidole au wapulizie maji ya sabuni. Utitiri hupenda vumbi la barabarani. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayemfikia mbuzi, anayemaliza kichaka kizima na miiba yake kwa dakika tano.

Kupogolea ndiko kunakochukua nafasi ya majira ya baridi. Mwaridi wa hapa haulali, na usipolazwa huchoka: matawi hurefuka, maua huhamia juu, chini hubaki vijiti vitupu. Wakati mwafaka ni mwishoni mwa Agosti, kabla ya mvua za vuli. Toa kwanza vijiti vilivyokufa na vinavyokwaruzana, kisha punguza vilivyobaki kwa theluthi moja. Kata kwa mshazari, juu kidogo ya jicho linalotazama nje, ili katikati ya kichaka ibaki wazi. Mkasi wa kahawa unatosha, mradi una makali. Upitishe kwenye moto au kwenye JIK kabla ya kuhamia mti mwingine. Tangu mnyauko wa migomba, unaohamishwa na visu vichafu, ulipogundulika Kagera mwaka 2006, hakuna mkulima huku anayehitaji kufundishwa kwa nini. Wiki 6 hadi 8 baadaye maua hurudi kwa mkupuo. Katikati ya mwaka, kata tu vishada vilivyonyauka.

Vijiti ulivyokata ndivyo miche. Chagua vyenye unene wa penseli, ambavyo ua lake limekwisha pukutika. Kata urefu wa sentimita 15 hadi 20, toa majani yote isipokuwa mawili ya juu, na uvichomeke theluthi mbili ndani ya viriba vya udongo uliochanganywa na mchanga. Hapa kivuli cha mgomba ndicho kinachotakiwa. Baada ya wiki kadhaa ukichomoa kimoja kwa pupa utakuta kwenye kitako uvimbe mweupe kama punje ya wali, na mizizi bado. Kirudishe na usikiguse tena. Vuta subira ya mwezi au zaidi.

Mche wa namna hii una faida nyingine: umesimama kwa mizizi yake, na chipukizi lolote kutoka chini ni mwaridi ule ule. Niliwahi kununua mche uliounganishwa, wa pinki kwa maneno ya muuzaji. Kiungo kilikufa bila mimi kutambua, na nikaupalilia mti wa chini kwa miaka miwili, nikijivunia urefu wake, bila kuona ua hata moja.

Kiriba kikianza kutoa mizizi chini, hamishia uwanjani mvua ikiwa imeshika. Mche mdogo huharakia kuchanua, mara nyingi kabla haujafika urefu wa shubiri mbili. Kichomozi hicho cha kwanza kinyofolewe, na cha pili pia, ili nguvu zirudi kwenye mizizi. Ifanye kazi hiyo asubuhi na mapema, watoto wakiwa hawajaamka.