Doa, Ndimu na Jua: Ufuaji wa Nguo Baina ya Unguja na Omani

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu walioko Maskati, Dubai au London, limo sanduku lenye nguo za wazee waliotangulia: kanzu ya bafta, doti za kanga, kofia ya viua, pengine na joho. Nguo hizo mara nyingi zina madoa, na vijana wakizifungua jambo la kwanza wanalotaka ni kuzifua. Kabla hazijatiwa majini yafaa tujue kwamba madoa hayo, na maarifa yaliyokuwa yakitumika kuyatoa, ni sehemu ya historia yetu kama zilivyo barua na picha. Yanatupeleka kwa watu ambao barua na picha hazikuwataja.

Tuanze na vitambaa vyenyewe. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na majahazi ya Salem, Massachusetts, yakawa yanashusha Unguja shehena za pamba nzito isiyopaushwa, ambayo hadi leo twaiita merikani. Rangi yake ya udongoudongo ilificha uchafu wa kazi. Kaniki nayo, iliyotiwa nili mpaka ikawa nyeusi, iliuficha zaidi. Hizo ndizo nguo walizovaa watumwa na maskini. Bafta na melimeli zilikuwa nyeupe, hazifichi hata tone la chai. Kwa hiyo mtu aliyepita njiani na kanzu nyeupe pe alikuwa anaonyesha mambo mawili: kwamba ana uwezo wa kuinunua, na kwamba nyumbani kwake yupo wa kumfulia.

Nani huyo? Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 na ambaye kitabu chake cha kumbukumbu kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, anasimulia maisha ya kila siku katika jumba la Mtoni. Humo twaona kwamba nguo chafu hazikurundikwa: zilifuliwa kila siku, zikakauka upesi kwa ukali wa jua, zikanyooshwa kwa mkono na kukunjwa. Mikono iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya watumwa, na majina yao hatunayo. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, kazi haikupungua. Iliyobadilika ni hesabu yake, kwani sasa mfuaji aliweza kudai ujira. Mjini alikuwapo pia dobi, ambaye jina lake lenyewe limetoka Bara Hindi pamoja na ufundi wake wa kutia nguo wanga, kuipa buluu kidogo ili weupe wake ung'ae, kisha kuipiga pasi ya makaa.

Ufuaji hutegemea maji, na hapa Omani na Unguja zilikuwa na taratibu mbalimbali. Katika miji ya bara Omani maji yalikuja kwa falaji, na mkondo ulikuwa na adabu yake: pa kuteka maji ya kunywa pako juu, kisha misikiti na mahali pa kuogea, na mashamba mwisho. Aliyefua alifua chini ya walipoteka wenziwe. Unguja mjini watu walitegemea visima vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe, na vingi vilikuwa na maji ya chumvichumvi au yenye chokaa, mpaka Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipoyaleta mjini kwa mabomba maji matamu ya chemchemi. Katika maji ya chumvi sabuni nyingi hazitoi povu, ila sabuni ya mafuta ya nazi hutoa. Watu wa pwani waliokuwa na minazi walikuwa na bahati katika jambo hili.

Tukija kwenye madoa yenyewe, twakuta elimu iliyopangika. Doa la tambuu ni mfano mzuri. Wekundu wake hutokana na popoo kukutana na chokaa. Sabuni nayo ina tabia ya chokaa, kwa hiyo anayekimbilia sabuni kwanza hulikoleza doa. Mjuzi huanza na ndimu, ambayo huvunja wekundu, kisha ndipo hufua. Manjano ya mchuzi hufanana na hayo: ikiguswa na sabuni hugeuka nyekundu, mfuaji mgeni akadhani ameiharibu nguo. Ikisuuzwa hurudi rangi yake, na dawa yake hasa ni jua, kwa kuwa rangi ya manjano haistahimili mwanga. Ndiyo maana nguo yenye doa hilo ilianikwa ingali mbichi, upande wa doa ukatazama juu.

Damu ilitakiwa maji baridi, kwa sababu ya moto huigandisha ndani ya nyuzi. Tui na samli, kinyume chake, zilitaka maji ya moto na sabuni. Kutu ya msumari ilipakwa ndimu na chumvi, ikawekwa juani. Utomvu wa mgomba ulihitaji haraka kuliko yote, maana ukishakauka na kuwa kahawia hakuna sabuni inayouondoa. Mwenye kwenda kukata ndizi alivaa nguo ya shamba. Hayo yote yalijulikana bila kitabu cha kemia. Yalifundishwa uani, kwa mama kumwambia binti au mfuaji mkubwa kumkanya mdogo.

Pamoja na elimu hiyo ya uani ilikuwapo ya chuoni. Fiqhi hutofautisha uchafu na najisi. Najisi ikiisha kuondolewa kwa maji, na rangi yake ikabaki baada ya juhudi, alama hiyo haimzuii mtu kusali. Hukumu hii ilikuwa rehema kwa mwenye kanzu moja, kwani alihitaji nguo tohara, hata kama haikuwa nyeupe tena. Na katika jambo jingine kule kutoka kwa rangi ndiko kulikotafutwa: kombe huandikwa kwa zafarani juu ya sahani kwa sababu zafarani huyeyuka upesi majini, na maandishi yakaweza kunywewa. Mfuaji naye alijua kwamba doa bichi la zafarani huanza kuachia kwa maji baridi tu.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 jamaa wengi waliondoka Unguja na Pemba, na wengine walikwenda Omani baada ya 1970, Sultani Qaboos alipowaita Waomani walioko nje. Nguo chache walizoweza kubeba ndizo zilizomo katika masanduku yetu. Lakini ua wa kuanikia haukubebeka, wala jua la saa sita halipatikani London. Mashine na unga wa pakiti vimechukua nafasi ya ndimu na buluu, na mabibi waliojua kwa nini ndimu hutangulia sabuni wanazidi kupungua.

Basi kabla ya kufua nguo ya mzee, ipigwe picha pamoja na madoa yake, na aulizwe aliye hai: hii ilivaliwa lini, na hili ni doa la nini? Kola iliyoingia manjano kwa mafuta ya udi yaweza kutueleza arusi. Wino katika mkono wa kanzu waweza kutueleza karani au mwalimu. Dawa kali za kupaushia zisiguse hariri wala nyuzi za darizi, kwani hula kitambaa; na kamwe zisichanganywe na ndimu wala siki, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu.

Kisha liongezwe swali ambalo katika kumbukumbu za ukoo huulizwa kwa nadra: nani alikuwa akiifua? Twahifadhi jina la aliyeivaa kanzu, la babu yake na la kabila lake. Jina la aliyeiweka nyeupe kwa miaka thelathini, awe mtumwa, mwajiriwa, dobi au bibi yetu wenyewe, pengine linakumbukwa na mtu mmoja tu aliyebaki. Liandikwe pembeni ya jina la mwenye kanzu.