Kura Kabla ya Kura

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Thika hupita Ruiru, kisha Juja, na safari yake ni kiasi cha kilomita 40 tu. Zamani, pande zote mbili za barabara hiyo zilikuwa mashamba makubwa ya kahawa na mkonge. Siku hizi ni majumba ya ghorofa, na Ruiru imeipita Thika kwa wingi wa watu. Lakini kwa miaka mingi, mpaka uchaguzi wa mwaka 2013 ulipofika, Thika, Ruiru na Juja zote zilikuwa jimbo moja, nazo zilipeleka Bungeni mjumbe mmoja tu, aliyeitwa mbunge wa Juja.

Kila nifundishapo habari za miaka ya chama kimoja, hapakosi mwanafunzi wa kuniuliza: "Mwalimu, ikiwa chama kilikuwa kimoja, na mshindi alijulikana kuwa ni mtu wa KANU, watu walijisumbulia nini kwenda kupiga kura?" Swali hili si la kipumbavu hata kidogo. Mimi mwenyewe nililiuliza nilipokuwa kijana, na jibu nililopewa wakati huo halikuniridhisha.

Yapasa kwanza tukumbuke jinsi mambo yalivyofikia hapo. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963 ikiwa na vyama viwili vikubwa, KANU na KADU. Mwaka 1964 KADU ilijivunja na wajumbe wake wakahamia KANU. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alitoka KANU akaunda chama cha KPU, na pamoja naye akatoka Bildad Kaggia, mjumbe wa Kandara, kaskazini ya Thika. Wote waliotoka walilazimika kuomba kura upya, na Kaggia akashindwa. Oktoba 1969 Serikali ikakipiga KPU marufuku. Tangu hapo hapakuwa na chama kingine, ingawa sheria ya kukataza vyama vingine haikupitishwa Bungeni ila mwezi wa Juni 1982. Kwa hiyo miaka kumi na mitatu ya mwanzo tulikuwa na chama kimoja kwa desturi, na miaka iliyofuata kwa sheria.

Basi Desemba 1969 wananchi waliitwa kupiga kura. Katika kila jimbo walisimama watu kadhaa, wote wa KANU, na yule aliyeshinda katika mchujo alikuwa mbunge siku hiyo hiyo, maana hapakuwa na mpinzani wa kumngojea mbele. Ndipo wakubwa walipopigwa na butwaa. Karibu nusu ya wabunge waliokuwamo walipoteza viti vyao, na miongoni mwao mawaziri. Mwaka 1974 walioanguka walizidi nusu. Dakta Njoroge Mungai, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje na mtu wa karibu sana na Rais, alishindwa huko Dagoretti na Johnstone Muthiora. Mwaka 1979 Mbiyu Koinange, mmoja wa mawaziri wenye nguvu kuliko wote katika enzi ya Mzee Kenyatta, aliangushwa Kiambaa, katika wilaya yetu ya Kiambu, na mfanya biashara Njenga Karume. Mwaka huo huo, katika jimbo la Mbiri kule Murang'a, Kenneth Matiba alimshinda Dakta Julius Kiano, waziri tangu siku za uhuru.

Hapa ndipo jibu la mwanafunzi wangu linapoanza. Palipo na chama kimoja, ushindani hauondoki, bali huhama. Huhama kutoka siku ya uchaguzi mkuu ukaenda siku ya mchujo, na kutoka katika siasa ya chama ukaenda katika mtu: amejenga shule ngapi, amechangia maji, amewasahau watu wake au hakuwasahau. Serikali haikuweza kuondolewa kwa kura hizo, na mwenye kudhani kuwa iliweza anajidanganya. Lakini mjumbe aliweza kuondolewa, na aliondolewa. Watu wa Juja nao walijua hivyo. Mmoja wa wabunge wao katika enzi hiyo alikuwa Gitu wa Kahengeri, mpigania uhuru aliyepata kutiwa kizuizini na wakoloni.

Lakini tusiisifu kupita kiasi hali hiyo. Gatundu, ambako ni mwendo mfupi tu kutoka Thika, ndiko kulikokuwa jimbo la Mzee Jomo Kenyatta mwenyewe. Mwaka 1969 alipita bila kupingwa, na mwaka 1974 vivyo hivyo. Hivyo jirani wawili, mmoja wa Thika na mmoja wa Gatundu, waliweza kuuza mananasi katika soko moja, na siku ya uchaguzi mmoja akaenda kumchagua mjumbe wake na mwenziwe asiwe na mjumbe wa kumchagua.

Wala Kenya haikuwa peke yake. Tanganyika ilitangulia. Mwaka 1965 chama cha TANU kiliweka wagombea wawili katika majimbo karibu yote, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma apate kuchagua. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa. Mbali zaidi, katika majimbo ya kusini ya Marekani, chama cha Democratic kilitawala kwa miaka mingi hata uchaguzi wa wajumbe wa Congress ukawa ni jambo la kukamilisha tu. Aliyeshinda mchujo wa chama alikuwa amekwisha kushinda. Wazungu wa huko walilifahamu jambo hilo vizuri. Katika Texas chama kiliwazuia watu weusi wasishiriki mchujo, kikidai kuwa chama ni kama klabu, nayo klabu huchagua wanachama wake. Mtu mweusi aliachiwa kura ya uchaguzi mkuu, yaani kura isiyo na kazi. Mwaka 1944 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikata shauri kuwa jambo hilo ni kinyume cha katiba. Nalitaja kwa sababu lile dai la klabu lilikuja kusikika kwetu pia, ingawa kwa sura nyingine.

Mwaka 1986 KANU ilikata shauri kuwa katika mchujo karatasi za siri zisitumiwe tena. Mpiga kura angesimama hadharani nyuma ya mgombea amtakaye, au nyuma ya wakala wake, na watu wangehesabiwa wakiwa wamepanga mstari. Ndio huo ulioitwa mlolongo. Viongozi wa makanisa waliupinga tangu mwanzo, na walikuwa na haki. Februari 1988 ulitumiwa nchi nzima. Walioruhusiwa kupanga mstari walikuwa wanachama wa KANU peke yao, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya watu waliohesabiwa alitangazwa kuwa mbunge moja kwa moja. Katika majimbo hayo uchaguzi mkuu wa Machi haukufanyika.

Hebu fikiri maana yake kwa kibarua wa shamba la kahawa. Anakaa katika nyumba ya mwajiri wake, watoto wake wanakunywa maji ya mwajiri wake, na chifu amesimama pale uwanjani akitazama. Atasimama wapi? Na mwenye duka anayetaka leseni, naye atasimama wapi? Karatasi ya siri ilimpa mtu huyo dakika moja ya kuwa bwana wa nafsi yake. Mlolongo ukamnyang'anya dakika hiyo.

Kuna jambo jingine, na kwa mwalimu wa historia ndilo zito zaidi. Karatasi hubaki. Zikibishaniwa, hufunguliwa sanduku zikahesabiwa mara ya pili, na jaji akiwapo. Lakini mstari wa watu ukiisha kutawanyika, umekwisha. Mahali pengi palilalamikiwa kuwa mwenye mstari mfupi ndiye aliyetangazwa mshindi, na hakuna awezaye kuwarudisha watu wale uwanjani wasimame tena kama walivyosimama asubuhi ile. Tumebakiwa na macho ya waliokuwapo.

Nilipata kuwajaribu wanafunzi wangu wa ualimu. Niliwaambia wachague kiongozi wa darasa kwa kupanga mstari, kisha nikawagawia vipande vya karatasi wachague tena. Yule aliyekuwa na mstari mrefu akashindwa kwa karatasi. Darasa lilicheka sana, isipokuwa yeye.

Desemba 1988 Matiba, ambaye wakati huo alikuwa waziri, alijiuzulu kwa kulalamikia udanganyifu katika uchaguzi wa ndani wa chama. Mei 1990 yeye na Charles Rubia walidai hadharani vyama vingi virudishwe. Julai wakatiwa kizuizini, na huko Matiba akapatwa na maradhi ya kiharusi. Mwisho wa mwaka 1990 KANU yenyewe iliuacha mlolongo, na Desemba 1991 kifungu cha katiba kilichofanya chama kuwa kimoja kikafutwa. Katika uchaguzi wa 1992 watu wa Juja waliiacha KANU.

Ungedhani kuwa hadithi imekwisha hapo, lakini haikwisha. Vyama vilikuwa vingi nchini, ila katika Kiambu kila uchaguzi ulielekea kuwa na chama kimoja kinachopendwa kupita vingine, na ule mchezo wa zamani ukarudi kwa njia ya hiari. Aprili 2017 Ferdinand Waititu alimshinda Gavana William Kabogo katika mchujo wa Jubilee. Kabogo alisimama tena Agosti kama mgombea huru, akashindwa vibaya. Uchaguzi wa gavana ulikuwa umekwisha kufanyika mwezi wa Aprili, na aliyelala nyumbani siku ile alikuwa amewaachia wengine wamchagulie. Hata hivyo Agosti hiyo hiyo watu wa Thika Mjini, ambako sasa ni jimbo la peke yake, walimchagua Patrick Wainaina aliyekuwa hana chama. Na Mei 2021, kiti cha Juja kilipokuwa wazi, George Koimburi wa chama kidogo cha PEP alimshinda mgombea wa Jubilee, chama cha Rais aliyekuwa mtu wa Kiambu.

Mwaka 2022 upepo ulihamia chama cha UDA. Mchujo wake ulifanyika tarehe 14 Aprili, na uchaguzi mkuu tarehe 9 Agosti. Ruiru na Thika Mjini, zote mbili, zilikwenda kwa wagombea wa UDA.