Kwa nini bawa la ndege haliongezeki ovyo: kutoka Comet hadi Dreamliner

Ukiwa Vingunguti au Kiwalani ukaangalia ndege zinazotumia Uwanja wa Julius Nyerere, ni rahisi kudhani kwamba kila ndege mpya ina mabawa mapana kuliko ya zamani. Kumbe sivyo. Comet 4, jeti ya kwanza ya East African Airways, shirika la pamoja la nchi zetu tatu, ilianza kazi mwaka 1960 ikiwa na mabawa ya mita 35 hivi, ncha hadi ncha. Airbus A220-300 ya Air Tanzania, iliyofika Desemba 2018, ina mita 35.1. Miaka 58, tofauti ya sentimita tu!

Tuanze na hewa. Bawa hunyanyua ndege kwa sababu mgandamizo wa hewa chini yake ni mkubwa kuliko wa juu. Lakini kwenye ncha, hewa ya chini hukimbilia juu na kuzunguka kama kimbunga kidogo. Nguvu inapotea hapo, na mafuta yanaliwa. Bawa refu na jembamba hupunguza hasara hiyo.

Comet ilificha injini zake nne ndani ya mabawa. Mwaka 1966 ikaja Super VC10, mita 44.5. Hii ilibuniwa kwa viwanja vyenye joto na vilivyo juu, kama Nairobi, mita 1,600 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na bawa linanyanyua kwa shida. Wahandisi wakahamishia injini zote mkiani, bawa likabaki wazi kwa vibawa vya kuongezea nguvu wakati wa kuruka.

Shirika lile lilivunjika mwaka 1977, Air Tanzania ikazaliwa. Julai 2018 ikapokea Boeing 787-8 Dreamliner: mabawa mita 60.1, mwili mita 56.7. Yaani ni pana kuliko ilivyo ndefu! Nyuzi za kaboni ndizo zimewezesha bawa refu hivyo bila uzito kuzidi.

Sasa mbona tusiendelee kurefusha? Jibu liko ardhini. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, hupanga ndege kwa makundi: chini ya mita 36, chini ya 52, chini ya 65, chini ya 80. Kundi likipanda, njia za ndege na maegesho lazima vipanuliwe. Ndiyo maana A220 imeishia 35.1, na Airbus A380 79.75. Boeing 777X yenyewe hukunja ncha zake ikiwa chini, ibaki ndani ya 65.

Na ardhi ina wenyewe. Wakazi wa Kipawa walihamishwa kupisha upanuzi wa uwanja wetu. Kwa hiyo ukisikia ndege ina mabawa mapana zaidi na inaokoa mafuta, uliza pia: itaegeshwa wapi, na nani atapisha?